Unene Unaporudi Baada ya Upasuaji: Hoja kutoka Tosamaganga

Anayezungumzia upasuaji wa kupunguza unene mkoani Iringa hulazimika kuanza kwa kujitetea. Huu ndio mkoa ambao Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 uliukuta ukiongoza nchini kwa udumavu: takriban watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Ndio mkoa pia ambao utafiti wa VVU wa mwaka 2022–23 uliuweka katika nafasi ya pili kwa kiwango cha maambukizi, nyuma ya Njombe. Mbele ya takwimu za namna hiyo, atakayeleta habari za kukata mifuko ya chakula ili watu wapungue ataonekana anahubiri anasa za mijini.

Hata hivyo, unene haukusubiri udumavu uishe ndipo uingie. Tafiti zilezile za kitaifa zinaonyesha kwamba wanawake wa Tanzania wenye uzito uliozidi au unene walikuwa 18 katika kila 100 mwaka 2004–05, na mwaka 2015–16 wakafikia 28. Katika nyumba moja ya Ifunda au Kalenga yaweza kuwapo mtoto aliyedumaa na bibi yake mwenye kisukari, shinikizo la damu na magoti yasiyobeba tena uzito wa mwili. Chungu ni kimoja na ugali ni uleule. Aliyedumaa utotoni hana kinga ya unene utu uzimani. Huenda hata mwili uliozoea kunyimwa ukawa hodari zaidi wa kuweka akiba.

Hospitali ya Tosamaganga, ya Jimbo Katoliki la Iringa, iko mwendo mfupi tu kutoka mjini Iringa na inahudumia vijiji vya wilaya kubwa yenye nyanda za baridi na mabonde ya joto ya Pawaga na Idodi. Kwa miaka mingi imefanya kazi bega kwa bega na shirika la madaktari la CUAMM kutoka Padova, Italia, na huduma ya kisukari na shinikizo la damu ni sehemu ya kazi hiyo. Upasuaji wa kupunguza unene haufanywi hapo, na si busara kuutamani. Lakini waliofanyiwa upasuaji huo mahali pengine wanaishi hapo. Katika miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imeanza kuweka puto tumboni na kisha kufanya upasuaji wenyewe. Kabla ya hapo wenye uwezo walikwenda India na kwingineko. Baada ya matibabu hurudi nyumbani, na nyumbani kwa wengine ni karibu kilomita 500 kutoka kwa daktari aliyewapasua, ng'ambo ya mlima Kitonga. Uzito ukirudi, au kiungulia kikimnyima mtu usingizi, atakayemwona kwanza ni tabibu wa zahanati au daktari kijana wa wilaya ambaye huenda hajapata kukutana na tumbo la namna hiyo.

Mjadala wa upasuaji wa pili unafaa kuanzia kwa daktari huyo kijana. Kwa kawaida huanzia kwa bingwa na mashine zake, na ndiyo sababu unakwenda kombo.

Kwanza ieleweke nini kimefanyika ndani ya mwili. Puto si upasuaji. Ni mfuko unaoingizwa mdomoni, ukajazwa maji au hewa ndani ya tumbo, na ukatolewa baada ya miezi sita au mwaka kutegemea aina yake. Bendi ni mshipi unaofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Upasuaji wa mrija huondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha sehemu nyembamba kama ndizi. Upasuaji wa mchepuko hutenga kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo mwembamba, hivi kwamba chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kila njia hushindwa kwa namna yake, na anayesema tu kwamba «upasuaji umefeli» bado hajasema lolote la kitabibu.

Kurudia upasuaji wa unene kuna umri sawa na upasuaji wenyewe. Kuanzia miaka ya 1950 wagonjwa wa Marekani walikatiwa njia fupi ya utumbo, sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ikaachwa bila kazi. Walipungua kweli, lakini ini likaharibika, mawe yakajaa kwenye figo, madini yakaisha mwilini, na wengi wakarudishwa mezani ili utumbo uunganishwe upya. Ilikuwa ni kwa kuikimbia hatari hiyo kwamba Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alibuni mchepuko wa mfuko wa chakula mwaka 1966. Bendi nayo ilipokelewa kwa shangwe kwa kuwa ilionekana nyepesi na yenye kuondoleka. Mwaka 2011 wapasuaji wa Ubelgiji walichapisha habari za wagonjwa 82 waliofuatiliwa kwa miaka 12 au zaidi baada ya kufungwa bendi: takriban sita katika kila kumi walikuwa wamepasuliwa tena, na karibu nusu walikuwa wameshatolewa bendi. Wale waliofuatiliwa miaka miwili tu wangeonekana wote wamepona. Somo hilo la muda ndilo linalosahaulika kila mara kifaa kipya kinapoletwa kwenye kambi ya upasuaji na picha za kabla na baada zikasambazwa.

Kuhusu njia mbili zinazotumika zaidi leo, ushahidi mzuri umetoka Finland. Wagonjwa 240 waligawanywa kwa kura, wengine mrija na wengine mchepuko, na matokeo ya miaka kumi yakatolewa mwaka 2022. Waliofanyiwa mrija walikuwa wamepoteza asilimia 43.5 ya uzito uliozidi, na wa mchepuko asilimia 51.9. Uvimbe wa umio unaotokana na tindikali ulikutwa kwa asilimia 31 ya watu wa mrija na asilimia 7 ya wale wa mchepuko. Ukizisoma namba hizo kwa haki, utaona mambo mawili kwa pamoja: upasuaji unasaidia hata baada ya mwaka wa kumi, na hakuna aliyeahidiwa kwamba atabaki na uzito wa mwaka wa kwanza. Karibu kila mgonjwa hurudisha kilo kadhaa. Mwili uliopunguzwa huongeza homoni za njaa, hupunguza matumizi ya nishati, na hupigania kurudi ulikotoka. Kumwita mlafi mtu ambaye fiziolojia yake inafanya kazi iliyoumbiwa ni kosa la kitaaluma, na linatendeka zaidi ndani ya vyumba vya madaktari kuliko sokoni.

Kwa hiyo sababu za kumrudisha mgonjwa mezani hazina uzito mmoja. Mrija ukijikunja au kuziba, tindikali ikilichoma umio bila kutulizwa na dawa, bendi ikila ukuta wa tumbo, utumbo ukinasa kwenye ngiri ya ndani: hapo upasuaji wa pili ni tiba, na kuchelewa ni madhara. Mwenye mrija na kiungulia kikali, kwa mfano, mara nyingi hunufaika akibadilishiwa kuwa mchepuko. Lakini kilo zilizorudi peke yake, bila kasoro ya umbile na bila ugonjwa uliorudi nazo, si dharura. Zinastahili uchunguzi wa subira, na upasuaji uwe mlango wa mwisho. Wapo wapasuaji wanaougeuza kuwa wa kwanza kwa sababu mgonjwa amekuja na fedha mkononi na hasira moyoni.

Uchunguzi huo una utaratibu. Ipatikane taarifa ya upasuaji wa kwanza, kwa maandishi, si kwa kumbukumbu ya mgonjwa. Kamera ya tumbo na picha ya eksirei ya dawa ya kumeza zionyeshe umbile lilivyo. Kisha viulizwe vitu ambavyo hakuna kamera inayoviona. Mgonjwa amebadilishiwa dawa gani? Insulini, steroidi na baadhi ya dawa za kifafa na za akili huongeza uzito. Katika mkoa wenye VVU wengi swali hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa dolutegraviri, iliyo nguzo ya tiba ya sasa nchini na yenye manufaa makubwa, imehusishwa na kuongezeka kwa uzito, hasa kwa wanawake. Jibu si kuiacha. Ni kujua kwamba kilo hizo huenda hazina uhusiano na mshono wa tumbo. Aulizwe kuhusu usingizi, huzuni, ujauzito uliopita, ugomvi wa nyumbani. Aulizwe kuhusu ulanzi, bila kejeli. Msimu wa mvua mianzi ikigemwa, kinywaji hicho huwa sehemu ya ujirani, na mtu asiyeweza kumaliza nusu sahani ya ugali anaweza kushusha ulanzi bila kizuizi chochote, kwa kuwa kimiminika hakikai kwenye kifuko kidogo. Aliyefanyiwa mchepuko hulewa haraka na kwa kiasi kidogo, na hatari ya kuwa mtumwa wa pombe huongezeka miaka kadhaa baada ya upasuaji. Kumpasua tena mtu wa namna hiyo bila kuuliza ni kushona nguo iliyo motoni.

Upasuaji wa pili wenyewe ni mgumu zaidi. Makovu ya ndani hugandisha ini, tumbo na utumbo pamoja; mishipa ya damu iliyokatwa mara ya kwanza haipo tena kulisha mshono mpya; mshono huvuja mara nyingi zaidi kuliko ule wa awali, na mgonjwa hukaa kwenye nusu kaputi muda mrefu zaidi. Kilo zinazopotea kwa kawaida ni chache kuliko za mara ya kwanza. Haya yasemwe wazi kabla ya sahihi kuwekwa kwenye fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili, na ndugu mmoja akiwa ameketi pale.

Njia ya kati imeanza kufunguka. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, watu 70 ambao upasuaji haukuwasaidia vya kutosha walipewa liraglutaidi au sindano isiyo na dawa. Baada ya wiki 24 wenye dawa walikuwa wamepungua takriban asilimia 9 ya uzito wao, na wengine chini ya asilimia 1. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hilo la GLP-1 kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na unene na ugonjwa wa moyo au figo. Bei yake bado ni kizuizi, na sindano zinazohitaji ubaridi hazipendi vumbi la barabara ya Idodi. Lakini zikilinganishwa na mshono unaoweza kuvuja, zinastahili kujaribiwa mapema pale zinapopatikana kwa uhalali. Neno uhalali si pambo: sindano za kupunguza uzito zinazouzwa kwa ujumbe wa simu ni hatari nyingine kabisa.

Yote hayo ni ya hospitali kubwa. La hospitali ya wilaya ni zito zaidi, kwa kuwa huko ndiko maisha hupotea kabla ya rufaa kuandikwa. Tuseme mwalimu wa shule ya msingi aliyefanyiwa upasuaji miezi mitatu iliyopita amekuja Tosamaganga akitapika kwa wiki mbili. Ni mchovu, anaona vitu viwili viwili, anayumba akitembea. Mkono wa kila mhudumu utakwenda kwenye dripu ya glukosi, na huo ndio mtego. Akiba ya vitamini B1 mwilini hudumu wiki chache tu, na glukosi ikiingia kabla ya vitamini hiyo inaweza kuusukuma ubongo uliokwisha kujeruhiwa hadi kwenye upotevu wa kumbukumbu usiorudi, au kifo. B1 kwanza, kwa sindano, ndipo glukosi. Dawa hiyo haigharimu sana na haihitaji bingwa. Inahitaji mtu anayejua.

Au aje mama wa mchepuko mwenye maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, tumbo likiwa laini, vipimo vya damu vikiwa vya kawaida. Ataandikiwa dawa ya minyoo au ya vidonda vya tumbo arudi nyumbani. Lakini mchepuko huacha nafasi ndani ambamo utumbo unaweza kupenya na kujinyonga, na hatari hiyo huongezeka anapopungua sana na anapokuwa mjamzito. Ngiri hiyo ikinyonga utumbo, saa chache ndizo zinazotenganisha kurekebisha na kukata utumbo wote uliooza. Huyu hafai kurudishwa nyumbani kusubiri asubuhi.

Yapo mengine yasiyo na kishindo lakini yanayoharibu polepole. Diklofenaki, inayonunuliwa dukani kwa kila maumivu ya mgongo, huweza kutoboa kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Mwenye mchepuko asipewe. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe sawasawa baada ya mchepuko, ilhali kupungua uzito hurudisha uwezo wa kushika mimba, na mimba hushauriwa kusubiri mwaka mmoja au mwaka na nusu. Kwenye kliniki ya wajawazito, kinywaji cha sukari cha kupima kisukari kinaweza kumwangusha mwanamke wa mchepuko kwa jasho na mapigo ya moyo. Apimwe kwa njia nyingine. Madini chuma na kalsiamu, ambavyo ni lazima avimeze, huzuia dolutegraviri isifyonzwe vikimezwa pamoja tumbo likiwa tupu. Dawa imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Wangapi wameelezwa hivyo kwenye dirisha la dawa?

Kuna pia jambo la aibu, na katika Iringa lina sura mbili. Mtu anayepungua ghafla hunong'onwa kuwa «ameathirika», kwa hiyo wengi huficha kwamba wamepasuliwa ama hukimbilia kula ili wasionekane wamekonda. Uzito ukirudi, minong'ono hugeuka: fedha za ukoo zimeliwa bure, shamba limeuzwa bure. Baina ya minong'ono hiyo miwili mgonjwa hukaa kimya, haendi kliniki, na akienda hamwambii daktari kuhusu upasuaji. Daktari asiyeambiwa hawezi kukumbuka B1. Zaidi ya hapo, kipo kimya cha wapasuaji wenyewe, ambao hesabu ya waliowafanyia wanaijua kwa kichwa, lakini hesabu ya waliorudisha uzito hawakuwahi kuianza.

Kwa sababu hizo, kituo chochote kinachofanya upasuaji wa unene nchini, hata cha kambi ya siku tano yenye wageni, kinapaswa kubanwa na masharti machache yasiyo na mjadala. Mgonjwa asitoke bila kadi inayoonyesha kwa mchoro na maneno ya Kiswahili alichofanyiwa, dawa anazokatazwa, na namba ya simu ya kitengo, si ya mtu binafsi. Barua iende kwa mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya anakoishi kabla yeye hajafika nyumbani. Kuwepo daftari moja la taifa la wagonjwa hawa, na kituo kisichoweza kusema hali ya wagonjwa wake katika mwaka wa tano kisiruhusiwe kuongeza wapya. Upasuaji wa pili wenyewe ubaki katika kituo kimoja au viwili nchini, kwa kuwa mikono hujifunza kwa wingi wa kazi, na idadi ya wagonjwa bado ni ndogo mno kugawanywa mikoani. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayotazamwa na Nyanda za Juu Kusini zote, iwe kituo cha katikati cha kamera ya tumbo na ushauri, ili anayelalamika kiungulia asilazimike kushuka Kitonga kwanza.

Itasemwa kwamba fedha hizo zingefaa zaidi uji wa watoto waliodumaa. Hoja hiyo ina heshima yake, na kama ingekuwa ni kuchagua kati ya chumba kipya cha upasuaji wa unene mkoani Iringa na lishe ya siku elfu moja za kwanza, mjadala usingedumu dakika. Lakini kinachoombwa hapa si chumba hicho. Ni ampuli za B1 kwenye kabati la wodi, sindano ya B12 kila baada ya miezi mitatu kwa aliyefanyiwa mchepuko, kipimo cha damu mara moja kwa mwaka, na nusu siku ya mafunzo kwa matabibu na wauguzi wa kliniki ya kisukari ambayo tayari ipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na wanaoandaa vitita vya mafao watakutana na swali hili wapende wasipende: bima ikatae upasuaji wa kwanza kwa mtu aliyejilipia, je, itakataa pia kumtibu anapoletwa usiku, utumbo umenyongwa? Haitaweza. Italipa gharama kubwa kabisa, ile ya kuchelewa, kwa mgonjwa ambaye ufuatiliaji wake ungegharimu kidogo.

Na kadi ile ya mgonjwa, kwa kuwa ndiyo nafuu kuliko vyote, inaweza kuanza bila kusubiri sheria, bima wala daftari la taifa. Mchoro wa tumbo, tarehe, jina la upasuaji, mstari mmoja kuhusu diklofenaki, mstari mmoja kuhusu B1 kabla ya glukosi, mstari mmoja kuhusu maumivu yanayokuja na kuondoka. Ikunjwe iingie ndani ya kadi ya bima au kitambulisho cha taifa, mahali ambapo muuguzi wa zamu ya usiku ataiona anapotafuta jina.